Mistari Mitatu ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya shule, Sikudhani alimsuka bintiye Tatu mistari sita. Leo, alipomaliza mstari wa tatu, vidole vikaganda. Vilishika nywele kama vinashika kitu kigeni.

"Mama, umesinzia?"

"Tulia kwanza."

Akapiga simu chuo cha ufundi, ambacho miaka minne iliyopita kilimtia ushonaji mikononi kwa kumchoma sindano moja ya dawa, kama kinavyomtia kila mwanafunzi ufundi wake. Mwalimu Kisanga akapokea kwa furaha.

"Hongera, dada. Tumeimarisha kozi. Ufundi wa zamani tumeufuta alfajiri hii kwa wahitimu wote. Njoo Jumatatu uchomwe mpya."

"Ususi sikuupata kwenu, mwalimu. Alinifundisha mama, nikiwa na miaka saba."

"Ah, hilo hutokea. Mfumo ukikuta vidole vinavyojua kusokota, unafuta ufundi wote uliomo. Ususi nao tunao, wiki mbili tu. Au mama si atakukumbusha?"

"Alishafariki."

"Pole sana. Basi nikuandike Jumatatu?"

Sikudhani alikuwa mtu wa kusema sawa. Aliwaambia sawa wakwe, wateja, na kila aliyemjia na fomu. Neno likamfika mdomoni. Akatazama kichwa cha mwanawe, nusu kimesukwa, nusu kimetimka, na hasira ikampanda hadi masikioni.

"Usiniandike popote," alisema. "Mlichokifuta hakikuwa chenu. Mmemwiba mama yangu mikononi mwangu, halafu unanialika darasani."