Kijana wa Tochisawa

Shinpei alikuwa juu ya paa la tatu asubuhi ile, akisukuma theluji kwa koleo, Bi Hatsue alipomfokea kutoka chini.

"Wewe mtoto! Ukimaliza hapo, balbu yangu ya jikoni imeungua!"

Akashuka ngazi polepole, mkono kiunoni. Tochisawa ilikuwa imebaki na watu tisa, naye ndiye mdogo wao. Kila aliyezaliwa baada yake alishahamia mjini. Kwa hiyo theluji ni Shinpei, kufukuza nguruwe pori mashambani ni Shinpei, na siku ya sherehe hekaluni, ngoma apige Shinpei, chai amimine Shinpei.

Alasiri, kwenye kikao cha kijiji, akavuta pumzi.

"Jumatatu nahama."

Mzee Genzo akaweka kikombe chini.

"Unahamia wapi?"

"Mjini. Nimepata chumba. Kina joto, chakula mara tatu kwa siku, na kuna wasichana wa kufua nguo."

"Wasichana!" Bi Hatsue akashika kifua. "Hapa tulikutafutia wachumba wangapi, ukajitia kuona haya? Ungeoa, leo wanao ndio wangekuwa juu ya paa."

"Vijana bwana," Genzo akaguna. "Kazi kidogo tu, mbio mjini. Sisi je, nani atatupandia paa?"

Shinpei akainamisha kichwa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi wiki nzima.

"Nimeshaongea na ofisi ya wilaya. Watatuma watu wa kuondoa theluji kila Alhamisi. Jamani, nimechoka. Na mimi nataka kuishi."

Bi Hatsue alinuna mpaka Jumapili.

Lakini Jumatatu walimsindikiza wote wanane hadi barabarani. Bi Hatsue alikuwa amemfungia matonge ya wali ya njiani. Genzo akamzungushia shingoni skafu yake mwenyewe, akamnong'oneza ajihadhari na pombe za mjini.

Gari jeupe likasimama. Msichana mwenye sare akashuka, akakunjua kiti cha magurudumu, akasoma karatasi yake.

"Natoka makao ya wazee. Namtafuta Bwana Okabe Shinpei, miaka themanini na mbili?"

"Ndiye huyu," akasema Bi Hatsue, akipangusa machozi. "Tafadhali, mjukuu wangu, mwangalie sana. Hajazoea kulala ugenini."