Pamba za Sidi

Miaka ishirini ya kusaga mahindi kwenye kinu cha mashine huko Ganda ilimwachia Sidi mvumo masikioni usiokatika. Siku hizi hata kijiko kikianguka, mlio wake humchoma kama sindano.

Mkaza mwanawe alipokuwa akijifungua, Sidi alikaa uani na pamba masikioni, akijua vigelegele vya kumpokea mtoto vitapenya tu.

Mlango ukafunguliwa. Wanawake wakatoka kimya, mikono midomoni.

Sidi akamshika mkunga mkono. "Amekufa?"

Mkunga akamwinamia sikioni. "La, mama, mzima! Msichana. Tumenyamaza kwa ajili ya masikio yako."

Sidi akachomoa pamba ya kwanza, kisha ya pili.

"Mjukuu wangu hakuja kama mwizi," akasema. "Haya, pigeni vigelegele!"