Kamba ya Mwisho

Helikopta ilikuwa imeganda hewani juu ya paa la shule, moshi umeifunika yote, na kamba imeshuka kwa mara ya mwisho. Ndani palibaki nafasi ya mtu mmoja, na mafuta ya kurudi tena hayakuwepo.

"Tausi, panda wewe!" Chande, mvuta kamba, alipiga kelele redioni. "Huyo mzee tumwachie Mungu!"

Tausi, muuguzi wa uokoaji, akamtazama mzee mwenyewe: mwoka mikate, goti limesagika, unga bado kwenye nyusi.

"Umemsikia mwenzio," mzee akasema. "Nenda, mwanangu. Hata nikipona, nani atakubali kuolewa na mguu huu?"

Tausi akacheka, yaani akacheka kweli, huku akimvisha mkanda wake mwenyewe wa kuvutiwa juu.

"We binti, umerogwa?"

"Tulia, babu. Ukinipiga mateke nitakufunga vibaya."

Muda wote wa vita kawaida yao ilikuwa hii: muuguzi hupanda wa mwisho, na kamba ikitikiswa mara mbili, walio juu wanajua ni yeye, wanavuta na kuondoka. Tausi akazima redio, akaitikisa kamba mara mbili.

Mzee akapaa akilia, mikono kainyoosha kwake, hadi moshi ukammeza. Mngurumo ukasogea mbali, ukaisha kabisa.

Hapo ndipo aliposikia vishindo vya buti za adui vikipanda ngazi za shule, taratibu, bila haraka yoyote. Tausi akavua kofia ngumu, akaketi, akaanza kufumua nywele zake ili azisuke upya.