Mkono wa Mtungi

Mwantumu alimenya tanipu kama mtu anayemchuna adui ngozi. Maganda yaliruka hadi miguuni pa mama mkwe wake, na kama yangefika usoni, asingeyazuia.

"Taratibu, wewe!" Bi Hamisa alimfokea. "Hiyo ni achari ya harusi, si makombo ya mbuzi!"

Na harusi yenyewe ya nani? Ya Abdi, mume wa Mwantumu, anayeoa kesho baada ya swala ya Ijumaa. Anamwoa Mwanaidi, msichana wa hapo hapo Sindeni. Na aliyeamriwa na Bi Hamisa kutengeneza achari ya kumlisha mke mwenzake ni nani? Mwantumu huyo huyo. Jamani, roho mbaya ya namna hiyo mtu hafundishwi, huzaliwa nayo.

Tanipu, ile mizizi ya mviringo yenye shavu la zambarau, mama yake Mwantumu huzipanda milimani Lushoto na kumtumia kwa basi la Korogwe. Mwaka wa kwanza Bi Hamisa alizisonya akaziita chakula cha Wazungu. Mwaka wa pili aliuficha mtungi wa achari mvunguni mwa kitanda chake asigawe kwa mtu.

Tangu serikali iwahamishie kijiji cha ujamaa, nyumba zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, tusi la nyumba ya kwanza linasikika nyumba ya mwisho. Tena kila familia ilipewa nyumba moja tu. Mwanaidi akiingia, Mwantumu anatoka. Bi Hamisa alishalisema hilo bila haya. Kifurushi cha nguo kilikuwa nyuma ya mlango, tayari kwa safari ya kwa kaka yake kule Kilole.

Abdi hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililomuuma Mwantumu zaidi. "Kama si ile mimba ya Mwanaidi," alimwambia juzi huku ameinamisha kichwa, "nisingeoa mwingine hata kwa dawa. Lakini siwezi kuitupa damu yangu."

Kufikia alasiri vipande vilikuwa vimeshakaa na chumvi na kuanikwa juani kwenye ungo mpaka vikasinyaa. Mwantumu alivimimina mtungini. Akatia pilipili, bizari na maji ya ndimu. Kilichobaki kilikuwa kuvuruga, na kuvuruga achari ni kwa mkono, tena mkono mkavu. Tone moja la maji ya kisimani, basi, inaota ukungu.

Kulikuwa na mwiko mwingine. Mwanamke aliye kwenye siku zake haigusi achari kabisa, la sivyo itaoza. Hatangazi mambo yake. Husema tu, "Leo mkono wangu si wa mtungi," na wenzake wanaelewa. Miaka yote ya ndoa yake Mwantumu alilisema neno hilo mwezi baada ya mwezi, na kila alipolisema Bi Hamisa alitoka uani akapaza sauti: "Haya, majirani, mtungi umeshasema! Mjukuu hakuna!"

Wanawake walianza kuja kusaidia mapishi. Mwanaidi naye alifika na shangazi yake, amejifunga kanga mpya. Bi Hamisa alimtandikia mkeka, akamwekea na mto. Msichana alikaa, uso umemsawijika, mkono kiunoni.

"Mnamwona?" Bi Hamisa aliwaambia wenzake. "Mimba changa ndivyo inavyouma kiuno. Wengine watajulia wapi!"

Kicheko kikapita uani. Wote pale waliamini kwamba achari ya harusi ikioza, na ndoa yenyewe inaoza. Hata Mwantumu aliamini. Haya basi, ioze! Alirudisha mkono wa kulia nyuma, akauchovya kwenye kata ya maji, kisha akausogeza kwenye mdomo wa mtungi.

"Wewe! Toa mkono wako!"

Mwantumu alidhani amefumaniwa. Lakini Bi Hamisa hakuwa ameyaona maji. Aliupokonya mtungi akaukumbatia.

"Tangu lini mgumba akavuruga achari ya harusi ya mwanangu? Unataka kututia nuksi? Bi harusi mwenyewe ataivuruga, mwenye heri yake tumboni!"

Aliuweka mtungi mbele ya Mwanaidi. Vigelegele vikapigwa. Mwantumu alibaki amesimama, mkono wake unadondosha maji mchangani, asijue autie wapi.

Mwanaidi aliutazama mtungi, akamtazama shangazi yake. "Mama," alimwambia Bi Hamisa kwa sauti ndogo, "naomba avuruge mwingine."

"Avuruge mwingine kwani ndoa ni ya mwingine? Tia mkono, mwanangu. Waone wenye macho!"

Vigelegele vikazidi. Msichana aliunyoosha mkono hadi kwenye mdomo wa mtungi. Akaurudisha. Akaunyoosha tena, na tena akaurudisha. Mwishowe aliuficha ndani ya kanga na kuinamisha macho, kama alivyofundwa na bibi yake tangu alipovunja ungo.

"Mnisamehe," alisema. "Leo mkono wangu si wa mtungi."

Vigelegele vilikatika. Mwantumu aliufuta mkono wake kwa kanga, taratibu, mpaka ukakauka, akauvuta mtungi kwake.