Kozi ya Tunu

Mwisho wa kuchagua kozi za chuo kikuu ulikuwa jioni ile. Tunu alikaribia kubonyeza kozi ya Kompyuta kwenye simu, ndipo Mama Shemsa, jirani yao, akaingia na pasi iliyoungua.

“Mwanangu, hebu nitengenezee.”

“Shikamoo, mama. Mbona hata sijachagua!”

“Ndiyo maana nimewahi foleni.”

Tunu akachungulia nje. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga na mafeni, maredio, na friji juu ya mkokoteni, samaki wangali ndani. Kwao, msomi wa kompyuta ni fundi wa chochote chenye waya, tena wa bure.

Haraka akahamia Sheria.

Mama Shemsa akachungulia simu, akavuta kigoda. “Sheria? Afadhali! Sasa sikiliza kesi ya shamba letu.”

Tunu akatazama mlangoni, atafute pa kutorokea. Friji ilikuwa inaingizwa, imeuziba mlango wote.