Kamati ya Udongo Iliyokaa Juu ya Jabali

Wanyama walipoanzisha Akademia yao ya Sayansi, kila taaluma ilipewa kamati. Kamati ya Udongo ikamwangukia Mbuzi Mawe, aliyependa kukaa juu, naye akaweka vikao vyote kileleni mwa jabali.

Fuko, aliyeujua udongo kuliko wote, hakuwahi kuitwa hata mara moja. Siku moja, akichimba, aligundua kwamba mteremko wanakoishi pimbi umepasuka chini kwa chini. Akaparamia jabali siku mbili nzima, hadi kucha zikatoka damu, akaieleza kamati alichokiona.

"Kikao kimefungwa," alisema Mbuzi Mawe. "Andika barua, tutaijadili mwakani."

Fuko akawaka. "Mwakani? Mvua zinaanza wiki ijayo! Mnajiita Kamati ya Udongo, na hapa mlipo hakuna udongo hata wa kuotesha jani! Au mnangoja tufe ndipo mje kutusifu?"

"Adabu, bibi! Hapa wanasayansi husubiri kuitwa."

Ndipo Pimbi, katibu mnyenyekevu asiyewahi kupinga neno, akaweka kalamu chini. "Mheshimiwa, wanangu wanalala kwenye mteremko huo. Bi Fuko, twende ukanionyeshe."

Wajumbe wote wakawafuata, isipokuwa Mbuzi Mawe. Huko chini kila mmoja alitia mkono kwenye ufa, ukazama hadi begani. Siku hiyohiyo pimbi wakahama, na mvua ya kwanza ilipouporomosha mteremko haikukuta hata kitoto kimoja.

Tangu hapo kamati huwafuata watafiti mashimoni mwao, na mjumbe asiye na udongo kuchani hapigi kura. Mbuzi Mawe yuko palepale juu, anangoja akidi itimie.