Asante, Tumepokea

Tovuti ya wachangia damu aliyoijenga Shangwe ilikuwa nzuri kuliko zote mjini. Na mjini hapakuwa na nyingine. Aliweka fomu, kitufe cha kutuma, na neno la shukrani. Alichosahau ni kuielekeza fomu ipeleke wapi maombi ya watu.

Aligundua kosa hilo asubuhi ile ile Bi Tabu alipoingia ofisini kwake na chupa ya uji wa mgonjwa.

"Mwanangu, nilituma fomu Jumatatu. Mzee bado yuko wodini, anasubiri damu."

"Nimeisoma, mama. Tunatafuta watu."

"Niliandika kundi gani la damu vile?"

"Kundi O, mama."

Bi Tabu akaiweka chupa chini polepole. "Pale niliacha wazi, mwanangu. Silijui."

Nyuma ya Shangwe, kompyuta ilikuwa bado inashukuru: Asante, tumepokea.